Iguana Mchanga Nyumbani: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza

Kinachowaua iguana wachanga majumbani mara nyingi si maradhi ya kuambukizwa. Ni pupa. Mtu hununua mnyama leo, kisha taa na vipimajoto vinasubiri mshahara wa mwezi ujao. Dukani iguana mdogo ni bei nafuu. Kizimba na taa ndivyo vinavyokula pesa, na hapo ndipo watu hubana. Usibane. Kama fedha haitoshi vyote, subiri, na mnyama awe wa mwisho kununuliwa.

Mjue kwanza

Iguana wa kijani asili yake ni nchi za joto za Amerika, kuanzia Mexico kushuka hadi Brazil na Paraguay. Huishi juu ya miti, aghalabu kando ya mito, akiota jua asubuhi na kujitosa majini akiona hatari. Karibu kila agizo utakalosoma hapa chini linatokana na maisha hayo.

Anapouzwa huwa na urefu wa sentimita 20 hivi, zaidi ya nusu yake ikiwa mkia. Akitunzwa vizuri, mwisho wa mwaka wa kwanza huweza kufika sentimita 60 au zaidi. Dume aliyekomaa hupita mita moja na nusu, ana uzito wa kilo kadhaa, na mkia wake unaweza kukuchapa ukaacha alama. Huishi miaka 15 hadi 20. Mtoto wa darasa la pili anayemlilia iguana leo, akienda chuo atamwachia mama yake. Mama aulizwe mapema.

Ukiwa Afrika Mashariki, mgeni wa kwanza kumwona atasema umeingiza kenge ndani. Asikuchanganye, hasa kwenye chakula. Kenge hula mayai, vifaranga na panya. Iguana ni mla majani tangu siku anayoanguliwa hadi kufa. Bado utasikia watu wakishauri apewe panzi au chakula cha mbwa ili akue haraka. Protini ya nyama huzielemea figo zake, na madhara hujitokeza baada ya miaka, wakati hakuna tena la kufanya.

Kuna pia suala la sheria. Iguana wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Kenya uliza shirika la wanyamapori (KWS), Tanzania uliza mamlaka ya wanyamapori, na uulize kabla ya kulipa. Marekani kila jimbo lina lake: Hawaii hawaruhusiwi, na Florida iliwaingiza kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku mwaka 2021. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi za mnyama wake, achana naye.

Mwanga, joto na kalsiamu

Kalsiamu iliyomo kwenye majani haifiki kwenye mifupa hivi hivi. Mwili unahitaji vitamini D3 ili kuifyonza, na iguana hutengeneza D3 hiyo mwenyewe ngozi yake inapopigwa na miale ya UVB, iliyomo kwenye mwanga wa jua. Miale ikikosekana, mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili moyo na misuli viendelee na kazi. Taya hulainika hadi ukiligusa linabonyea. Mapaja huvimba, uti wa mgongo hupinda, vidole huanza kutetemeka. Kwa mchanga anayekua kwa kasi haya huja upesi kuliko kwa mkubwa.

Watu wengi humweka dirishani penye jua wakidhani wamemaliza kazi. Kioo cha dirisha huzuia UVB. Mwangaza anaupata, joto analipata, ila miale anayoihitaji inabaki nje.

Joto nalo lina kazi yake. Iguana hatengenezi joto la mwili kama sisi. Majani anayokula huvunjwavunjwa na bakteria wa utumboni, na bakteria hao hufanya kazi sawasawa mwili ukiwa na nyuzi 35 hivi. Ukimshibisha kisha ukamwacha kwenye baridi, chakula kinalala tumboni.

Kuandaa kizimba

1. Tafuta au tengenezesha kizimba cha kwenda juu. Kimo cha sentimita 120, upana wa 90 na kina cha 60 vitamtosha mwaka wa kwanza. Baada ya hapo jiandae kwa kitu cha ukubwa wa kabati la nguo, kisha kikubwa zaidi. Fundi seremala anaweza kukutengenezea kwa mbao na wavu uliofunikwa plastiki. Wavu wa kuku wa kawaida humchubua pua na kumng'oa kucha. Kikipakwa vanishi, kiache hadi harufu iishe kabisa.

2. Weka tawi nene kama mwili wake au kuzidi, liegemee kutoka sakafuni hadi chini ya taa. Likaze. Tawi linalozunguka humwangusha.

3. Funga taa ya joto juu ya ncha ya tawi, mahali asipoweza kuigusa. Pale anapolala kuota joto pawe na nyuzi 35 hadi 38. Upande wa pili wa kizimba uwe na nyuzi 26 hadi 28, ili akichoka na joto apate pa kukimbilia. Usiku pasishuke chini ya 23.

4. Funga taa ya UVB ya mrija sambamba na tawi. Umbali unategemea nguvu ya taa. Mingi huwa kati ya sentimita 20 na 40, na boksi lake litakuelekeza. Pasiwepo kioo wala plastiki kati ya taa na mnyama.

5. Taa ziwake saa 12 na zizimwe saa 12. Swichi yenye saa itakuondolea kazi ya kukumbuka. Usiku kukiwa na baridi tumia kifaa cha joto kisichotoa mwanga.

6. Weka vipimajoto viwili, kimoja kwenye tawi na kingine upande wa baridi, pamoja na kipima unyevu. Unyevu uwe kati ya asilimia 65 na 80. Mkono wako si kipimajoto.

7. Tandika magazeti. Mchanga, maranda na changarawe atavimeza pamoja na chakula, na vinaweza kumziba utumbo.

8. Washa kila kitu siku mbili tatu kabla ya kumleta, usome vipimo asubuhi, mchana na usiku wa manane. Rekebisha kizimba kikiwa kitupu.

> TAHADHARI
>
> Mawe ya umeme ya kuotea joto yanauzwa kila mahali. Usinunue. Iguana ameumbwa kupokea joto kutoka juu. Jiwe likizidi moto anaweza kubaki amelilalia hadi tumbo liungue.
>
> Usimweke juani ndani ya tangi la kioo. Joto hupanda ndani ya dakika chache na kumuua.
>
> Taa ya UVB huendelea kuwaka hata miale yake ikiwa imekwisha. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino kwenye kishikio, na uibadilishe baada ya miezi 6 hadi 12 kulingana na aina.

Unapoishi pana maana kubwa. Dar es Salaam na Mombasa, hewa yenyewe inakufanyia nusu ya kazi. Nairobi mwezi wa Julai, usiku ni wa baridi kali kwake na kifaa cha joto ni lazima. Muscat na Dubai, wakati wa kiangazi balkoni ni tanuri, na ndani kiyoyozi kinapoza na kukausha hewa. Kizimba kisitazamane na kiyoyozi. Ulaya na Kanada, vipasha joto vya majira ya baridi hukausha hewa vivyo hivyo, basi utapulizia maji mara nyingi zaidi.

Umeme ukikatika usiku, funika kizimba kwa blanketi huku ukiacha upenyo wa hewa, na uweke ndani chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Asubuhi usimlishe mpaka apate joto tena.

Na pale jua lilipo, litumie. Mtoe nje akiwa ndani ya kizimba cha wavu, nusu saa au zaidi, mara kadhaa kwa wiki, nusu ya kizimba ikiwa kivulini. Kaa naye. Kunguru na paka hawasubiri umalize chai.

Dukani: yupi wa kuchukua?

Mara nyingi utawakuta kumi au zaidi wamerundikana kwenye tangi moja. Huruma itakuvuta kwa yule aliyejikunja chini macho yamefumba. Mwache, huyo anahitaji daktari kabla ya kuhitaji mnunuzi. Mchukue anayekufuata kwa macho na kukurupuka unapoingiza mkono.

Mshike na umkague taratibu. Taya la chini liwe gumu, na midomo ikutane sawasawa. Mifupa ya nyonga na ya mwanzo wa mkia isichomoze. Tundu la haja liwe safi, bila kinyesi kilichokauka. Angalia mikunjo ya shingo na makwapa kama kuna vidoadoa vyekundu au vyeusi vinavyotembea. Hao ni utitiri. Mkia uliokatika na kuota tena, wenye rangi tofauti na mwili, si ugonjwa.

Nunua mmoja tu. Wawili wakikaa pamoja, mwenye nguvu hulikalia tawi lenye joto na kuizingira sahani. Mwenzake hudumaa taratibu bila kupigana hata siku moja, na wewe utadhani wanapendana kwa kuwa wanalaliana.

Chakula

Kati ya sehemu kumi za sahani, nane au tisa ziwe majani mabichi ya kijani kibichi kilichokolea. Habari njema ni kwamba soko la kwetu lina mengi yanayomfaa.

Msingi wa kila siku uwe mchanganyiko wa majani matatu au manne: sukuma wiki, majani ya maboga, mlonge, majani ya haradali, majani ya mforosadi, majani na maua ya hibiskasi. Mlonge una kalsiamu nyingi, na mti mmoja uani utakupunguzia safari za sokoni. Sukuma wiki ni nzuri, lakini ikiwa ndiyo chakula pekee kila siku, hiyo na jamii yake ya kabichi huweza kuisumbua tezi ya shingo. Changanya.

Ongeza boga lililokwaruzwa na maharage machanga yaliyokatwakatwa. Matunda yawe kionjo tu: papai, embe, tini. Ndizi ataipenda kupita kiasi na itamfanya akatae majani, kwa hiyo itunze kwa siku utakapotaka kumfichia dawa.

Sasa yale ya kuepuka, maana mengine yanaonekana kama chakula kizuri cha nyumbani:

- Mchicha na spinachi. Zina oksaleti nyingi, ambazo huishika kalsiamu isifyonzwe. Kipande mara mojamoja hakitamdhuru, lakini si msingi wa mlo.
- Kisamvu. Sisi tunakitwanga na kukichemsha sana kwa sababu kibichi kina sumu ya sayanidi. Iguana atakila kibichi. Usimpe kamwe.
- Parachichi, tunda na jani lake. Ni sumu.
- Saladi nyeupe. Ni maji matupu. Anashiba huku mifupa ikifa njaa.
- Nyama, mayai, wadudu, chakula cha mbwa au paka. Sababu umeshaisoma.
- Mboga zilizopuliziwa dawa karibuni. Osha kwa maji mengi, na ukijua shamba linapuliziwa kila wiki, nunua kwingine.

Ratiba ya asubuhi ni hii:

1. Taa ziwake kwanza. Mpe saa moja hadi mbili apate joto.
2. Osha majani, toa vikonyo vigumu, katakata vipande vidogo visivyozidi upana wa kichwa chake.
3. Nyunyizia unga wa kalsiamu usio na fosforasi, kidogo tu, kama unavyotia chumvi kwenye embe bichi. Kwa anayekua, fanya hivyo kila siku.
4. Mara moja kwa wiki, badala ya kalsiamu, tumia unga wa vitamini mchanganyiko wenye D3. Usizidishe ukidhani unamsaidia. D3 ya unga ikizidi huweza kuifanya kalsiamu igande kwenye figo na mishipa.
5. Weka sahani palipo juu, karibu na tawi. Wachanga wengi huogopa kushuka sakafuni.
6. Ondoa mabaki kabla ya jioni.

Siku mbili tatu za mwanzo huenda asile, kwa woga wa ugeni. Tandaza kitambaa upande mmoja wa kizimba ajifiche, usimpapase, na ua la hibiskasi jekundu kwenye ukingo wa sahani mara nyingi humvuta. Asipokula kwa wiki nzima, ni safari ya daktari.

Porini, watoto wa iguana hula kinyesi cha wakubwa na hivyo kujipatia bakteria wa kumeng'enya majani. Bakteria hao ndio mtaji wake, kwa hiyo antibiotiki za kununua dukani na kumpa kwa kukisia zinaweza kumharibia mmeng'enyo wote. Dawa ni kwa agizo la daktari wa wanyama.

Maji, chafya na ngozi

Bakuli la maji liwepo daima, ingawa hutamwona akinywa mara nyingi. Yeye hulamba matone kwenye majani. Pulizia kizimba maji mara mbili au tatu kwa siku. Mara kadhaa kwa wiki mwogeshe kwenye beseni lenye maji vuguvugu yanayofika mabegani, dakika 15 hivi. Karibu kila mara atajisaidia humo, jambo linalokurahisishia usafi. Beseni liwe lake peke yake.

Utaona anapiga chafya na kuacha vitone vinavyokauka vikawa unga mweupe kwenye kuta za kizimba na puani. Watu hukimbilia dawa ya mafua. Ni chumvi: iguana ana tezi za kutolea chumvi ya ziada kupitia pua. Ugonjwa wa kifua una sura nyingine, yaani makamasi mazito, mapovu mdomoni, na kupumua kinywa kikiwa wazi hata akiwa mbali na joto.

Ngozi hubanduka kwa vipande, si gamba zima kama nyoka. Usiivute. Kagua vidole na ncha ya mkia baada ya kuoga; ngozi kuukuu ikibaki pale kama pete, hukaza na kuzuia damu, na kidole kinaweza kukatika.

Kumzoesha

Juu ya kichwa chake, katikati, kuna doa dogo. Ni jicho la tatu. Halioni sura, ila linahisi mwanga na kivuli, maana adui yake porini ni ndege anayeshuka kutoka juu. Mkono wako ukitokea juu, kwake wewe ni mwewe. Basi mwendee kutoka ubavuni, kiganja kikiwa chini ya kifua, umnyanyue kwa kumbeba miguu yote. Usimshike mkia hata kwa utani. Utabaki nao mkononi.

Wiki ya kwanza kaa tu karibu na kizimba, usome gazeti, uzungumze. Wiki ya pili mpe jani kwa mkono. Kisha mbebe kwa dakika chache, kila siku, saa ileile. Akifumba macho unapompapasa usidhani amefurahi. Mara nyingi anajifanya hupo. Akipanua ngozi ya kidevuni, akitikisa kichwa na kupinda mkia kando, mwache. Kijani kikigeuka kahawia iliyokoza, ama ana baridi ama ana hofu. Tazama kipimajoto kwanza.

> AFYA YA WATU NYUMBANI
>
> Iguana mwenye afya kamili huweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na ngozi.
>
> ☐ Nawa kwa sabuni na maji kila umgusapo au ugusapo vyombo vyake
>
> ☐ Asitembee jikoni wala mezani, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni
>
> ☐ Watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasimshike
>
> ☐ Asibusiwe, hata kwa ajili ya picha

Mkague kila wiki

Mpime uzito kwa mizani ndogo siku ileile ya wiki na uandike. Mchanga asiyeongezeka kwa wiki kadhaa ana tatizo, hata akionekana mchangamfu. Daktari wa wanyama anayewajua reptilia mtafute sasa, mnyama angali mzima, na umpelekee kinyesi kipimwe minyoo.

Nenda kwa daktari siku hiyohiyo ukiona:

☐ taya limelainika, limevimba au halifungi

☐ vidole au miguu inatetemeka

☐ anajiburuza kwa tumbo badala ya kuinua mwili

☐ mapaja manene magumu huku mgongo umekonda. Huo si unono

☐ usaha au vidonda mdomoni

☐ hajapata choo kwa siku kadhaa ilhali anakula

Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki. Ugonjwa huo wa mifupa ukiwahiwa, mnyama anaweza kupona na kuishi miaka mingi na kibiongo chake.

Ukishindwa kumfuga

Huenda ukahama, au dume likafika umri wa kupandana na kuanza kuwarukia watu. Mtafutie mlezi mwingine, kituo cha kuokoa reptilia au bustani ya wanyama inayompokea. Kumwachia msituni si huruma. Florida wako kwa wingi leo kwa sababu wengine walitoroka na wengine waliachiwa na wafugaji waliochoka. Wanachimba mashimo kwenye kingo za mifereji na kula bustani za watu, na Januari 2020 idara ya hali ya hewa ya Miami ililazimika kuwaonya wakazi kwamba iguana waliogandishwa na baridi wangeweza kuwaangukia kutoka mitini. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina joto na unyevu wanaoupenda mwaka mzima. Tafadhali, asitoke mlangoni kwako ila kwa mikono ya mtu anayejua anachokipokea.